Sindano ya Pili

Kasiva alipoolewa Mwala, watu wa kwao Kathiani walimsikitikia. Wao walizoea vilima vya kijani na miti ya matunda, na Mwala waliijua kwa vumbi, mbuzi na mito ya mchanga ambayo maji yake lazima uyachimbe. Lakini Kasiva alipapenda, na sababu kubwa ilikuwa mama mkwe wake, Nduku.

Nduku alikuwa mjane, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mwanawe wa pekee, Muthoka, ndiye mume wa Kasiva, naye alikuwa fundi wa mawe kwenye majengo ya Syokimau na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo boma lilikuwa la wanawake wawili. Walilisha mbuzi pamoja, walipanda ndengu na mbaazi pamoja, na jioni walikula kwenye sahani moja. Kasiva alimwita mwaitu, neno la Kikamba la mama, na hakulisema kwa adabu tu.

Mimba ya kwanza iliharibika mwaka wa pili wa ndoa. Ilikuwa bado changa. Kasiva alikuwa ametoka kliniki mapema wiki hiyo, akadungwa sindano ya pepopunda kama akina mama wote, na wiki haijaisha akaanza kutokwa damu akiwa jikoni. Nduku ndiye aliyemshika. Ndiye aliyefua zile nguo kwa mikono yake, akazianika nyuma ya nyumba majirani wasipate kuziona, na kwa muda mrefu akawa anampikia uji na kukaa naye mpaka aumalize.

Siku moja, akiwa amemshikia kikombe, Nduku alisema, "Uliondoka hapa mzima. Ukarudi na hiyo sindano. Mimi niliona kwa macho yangu."

Hakulirudia neno hilo, wala hakuhitaji kulirudia.

Kasiva alipopata mimba tena, alihudhuria kliniki ya zahanati bila kukosa. Alikunywa dawa za kuongeza damu, akachukua neti, akakubali kupimwa kila kitu. Ila muuguzi alipofika kwenye sindano, Kasiva alisema, "Siku ingine, sista."

Muuguzi huyo aliitwa Wamucii. Alikuwa mzaliwa wa Nyeri, mnene, mcheshi, mwenye Kikamba cha kubabaisha ambacho kiliwachekesha wazee. Kwenye foleni ya kusaga unga, wapo waliosema kwamba sindano hizo ni za kufunga kizazi. Mmoja alikuwa na sauti iliyorekodiwa kwenye simu, ya mtu akilieleza jambo hilo kwa ukali kama anayejua. Kasiva hakuamini hayo yote. Angekuwa amefungwa kizazi, hii mimba ingetoka wapi? Lakini damu ile ya jikoni haikuwa maneno ya kwenye foleni. Ilikuwa yake.

Basi akaendelea kusema siku ingine, na Wamucii akaendelea kungoja, mpaka tumbo likawa kubwa na mtoto akaanza kucheza.

Mvua ya Novemba ilikuja na upepo, ikang'oa upande mmoja wa paa la zizi. Asubuhi Kasiva aliingia kuwatoa wana-mbuzi. Samadi ilikuwa imelowa na kuwa kama tope. Akakanyaga ubao uliofichwa na tope hilo, na msumari wenye kutu ukapita kwenye slipa mpaka ndani ya unyayo.

Hakupiga kelele. Alisimama kwa mguu mmoja, amekamatia nguzo, akaita, "Mwaitu."

Nduku alikuja mbio. Akamketisha, akamshika kifundo, akavuta ubao kwa nguvu. Msumari ukatoka. Alama yake ilikuwa ndogo sana, kitundu tu, na damu ilitoka kidogo. Nduku aliosha mguu kwa maji moto na chumvi, akakamulia utomvu wa mshubiri, akafunga kitambaa safi.

"Itapona," alisema. Lakini hakumwangalia usoni.

Wote wawili walijua. Hakuna mtu wa Mwala asiyejua msumari wa zizini unaweza kuleta nini. Pepopunda ilimwua mwendeshaji mmoja wa mkokoteni wa punda huko nyuma, na Nduku alikuwa kwenye matanga yake.

"Sista atataka kunidunga," Kasiva alisema.

"Ndiyo sababu hutaenda. Mguu nitauosha mimi, asubuhi na jioni."

"Na kama imeingia ndani, mwaitu?"

Nduku alianza kuokota vipande vya kitambaa vilivyobaki. "Mguu ni mguu," akasema. "Huyo wa tumboni naye tukimpoteza, mimi sitaweza."

Kasiva alimpigia Muthoka. Kule nyuma yake palikuwa na kelele za mashine ya kuchanganya saruji, na ikabidi aeleze mara mbili.

"Mama anasema aje?" Muthoka aliuliza.

"Anasema nisiende."

"Na wewe?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe?"

Mashine ikanguruma. "Mimi siko hapo, Kasiva. Fanyeni vile mtaelewana."

Kasiva alikata simu, hasira ikimzidi maumivu ya mguu. Mkweo anaogopa, mumeo anaogopa, na wote wamekuachia woga wao uubebe juu ya wako. Akajifunga leso, akachukua fimbo ya kuchungia, akamwambia Nduku, "Naenda kumsikiliza tu." Nduku hakumzuia. Aligeuka akaingia jikoni.

Zahanati haikuwa mbali, lakini kwa mguu ule njia ilirefuka. Wamucii alimpokea mlangoni. Alikiosha kidonda upya, akakifungua kidogo, akakichunguza ndani hadi Kasiva akauma leso. Kisha akavua glavu, akavuta kiti.

"Unajua nitasema nini," alisema.

"Najua. Lakini kwanza nijibu hii. Ile mimba ya kwanza, ni sindano iliitoa?"

Kasiva alitarajia hapana ya haraka. Alikuwa amejiandaa kutoiamini.

"Sijui ni nini iliitoa," Wamucii alisema polepole. "Mimba nyingi changa hutoka, na mara nyingi hatujui ni kwa nini. Nimewadunga wanawake wengi, wakazaa. Nimeona wengine wamepoteza na hata sindano hawajaiona. Wenye wamechunguza hii sindano kwa miaka mingi wanasema haitoi mimba, na mimi nawaamini. Lakini yako wewe, siku ile, nikikuambia najua ni nini, nitakuwa nakudanganya."

Kasiva alimwangalia. Hakuwa amewahi kuambiwa sijui na mtu aliyevaa sare.

"Na nisipodungwa?"

"Labda hakuna kitu. Misumari mingi huchoma watu na hawaugui. Ukipata pepopunda, utafika hospitali kubwa ukiwa umechelewa. Na si mguu tu. Hiyo sindano inamkinga pia mtoto, akizaliwa, maana pepopunda huweza kumwingia kwenye kitovu kikikatwa." Akasogeza kiti karibu. "Niliona mmoja, nikiwa bado mwanafunzi. Alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri. Halafu akaacha. Mdomo ukakazana, ukadhani anacheka. Ukimgusa, anajikunja. Mlango ukifunguliwa, mwanga ukimpiga, anajikunja. Mama yake alikuwa anatoka nje kulia, kwa sababu sauti yake ilikuwa inamuumiza mtoto."

Kasiva aliinuka. "Wacha nifikirie."

"Fikiria. Lakini usifikirie mpaka kesho."

Alitoka hadi langoni. Alishika lile lango la waya, na barabara ilikuwa mbele yake, nyeupe, ikielekea nyumbani. Akilini alimwona Nduku akifua zile nguo. Alijua kwamba akidungwa kisha damu ije, hataweza kuishi kwenye boma lile tena. Si kwamba Nduku angemfukuza. Asingesema lolote, na hilo ndilo lingekuwa baya zaidi. Kisha akamwona yule mama asiye na jina, ametoka nje kulia. Mtoto tumboni akageuka, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani.

Akarudi ndani.

"Wakati ule mlinidunga mkono wa kushoto," alimwambia Wamucii. "Leo dunga huu wa kulia."

Wamucii hakucheka. Alidunga wa kulia. Akamweleza kwamba kinga haiji mara moja, kwamba hii ni ya pili na itajenga juu ya ile ya kwanza, na kwamba akihisi taya linakaza, au tumbo linauma, asingoje hata dakika.

Nyumbani Nduku alikuwa akichambua ndengu. Kasiva alisimama mbele yake.

"Nimedungwa, mwaitu."

Mkono wa Nduku ulikoma ndani ya ungo. Kisha ukaendelea. Chakula kilipoiva, akasema tu, "Kula." Lakini kabla ya giza kuingia alihamisha godoro lake, akalitandika kwenye chumba cha Kasiva.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kwao. Kila asubuhi Nduku alimwambia, "Fungua mdomo," akamwangalia taya likipanda na kushuka. Kasiva naye kila alipotoka chooni aliikagua nguo yake ya ndani kwanza. Mmoja aliogopa msumari, mwingine aliogopa sindano, na punde ikawa hakuna anayejua yupi anaogopa kipi. Mkono ulimuuma, ukavimba kidogo, ukapoa. Mguu ukaanza kukauka. Ndani ya nyumba ile hawakuzungumza ila juu ya mbuzi.

Siku ya soko Masii, walikwenda pamoja kununua mbegu. Walikuwa wamesimama kwa mwuza maharagwe wakati maumivu yalipomshika Kasiva chini ya kitovu, makali, yakamkunja. Gunia la mbegu likamtoka mkononi. Alishika bega la Nduku. Akauona uso wake ukigeuka rangi, na akajua wanafikiria siku ile ya jikoni, wote wawili.

"Unatokwa?" Nduku alinong'ona.

"Sijui. Mwaitu, sijui."

Nduku alipungia bodaboda mkono, akampandisha, akapanda nyuma yake akimshikilia kiuno. Kwenye kituo cha afya waliketishwa kwenye benchi. Kasiva alingoja lile neno, nilikuambia. Alikuwa tayari kulipokea, hata alitaka lije liishe. Nduku alikuwa ametoa rozari yake. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na mkono wake mwingine ulikuwa umeukamata wa Kasiva kwa nguvu kiasi cha kuumiza. Neno lile halikuja.

Daktari kijana aitwaye Munyao aliwaingiza. Alimlaza Kasiva, akamwangalia, akasema hakuna damu. Akapaka tumbo kitu baridi, akaweka kile kifaa cha kusikiliza. Kukawa na mkwaruzo, kisha kimya, kisha mkwaruzo tena. Kasiva alifunga macho.

Ndipo sauti ikaja: kasi, nyepesi, kama wana-mbuzi wanaokimbia juu ya mabati.

"Huyo hapo," Munyao alisema. "Hana shida hata kidogo."

"Weka tena," Nduku alisema.

"Mama, si umesikia?"

"Weka tena."

Akaweka tena. Nduku aliinamisha kichwa karibu na tumbo, akasikiliza mpaka Munyao akatazama mlangoni kwenye foleni. Mkojo ulipopimwa ilionekana ni maambukizi ya kibofu, jambo ambalo huwapata wajawazito wengi. Akapewa dawa, akaambiwa anywe maji mengi na arudi dawa zikiisha. Walipofika nje, Nduku aliketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Kasiva alimngoja amalize.

Mtoto alizaliwa kabla ya mvua za masika, hospitalini Machakos mjini, msichana. Muthoka alikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kwa kuwa ndiye msichana wa kwanza, hakukuwa na mjadala wa jina: aliitwa Nduku, kama bibi yake. Alinyonya siku ya kwanza, siku ya pili, na kila siku, na Kasiva alimtazama kinywa kwa wiki nyingi kabla ya kuacha kumtazama.

Usidhani Nduku mkubwa alibadilisha maneno. Mpaka leo anaamini kwamba sindano ndiyo iliyoitoa mimba ile ya kwanza, na Kasiva ameacha kubishana naye, kwa sababu hana cha kumwonyesha. Kwenye chanjo Kasiva humpeleka mtoto mwenyewe. Bibi hazuii, wala hasindikizi, ila maji ya kumwogesha akirudi huyakuta yamewekwa motoni.

Juzi, binti wa jirani aitwaye Kavindu alikuja akiwa na mimba yake ya kwanza. Aliketi kwenye kigoda karibu na Nduku, akazungukazunguka kwa maneno, mwishowe akauliza: wamemwambia adungwe, je, akubali?

Nduku alikuwa amempakata mtoto.

"Mimi nitakuambia nilichoona," alisema. "Halafu yeye atakuambia alichofanya, na kwa nini. Utusikilize wote wawili." Akainua sauti kuelekea zizini. "Kasiva! Wacha hao mbuzi kidogo, uje ukae na sisi."

Kasiva alifunga mlango wa zizi, akanawa mikono, akaja.