Gauni la Wifi na Kitufe cha Kinanda

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pindo, maana hakuna suruali iliyoburuta chini ikapita mbele ya kibanda chake bila yeye kuikazia macho. Mchana alishona, jioni aliimba na kikundi cha akina mama, na kwa miaka tisa wimbo wa kufungulia tamasha la mtaa ulikuwa wake. Ulikuwa wake kama mkasi wake wa kukatia vitambaa, ambao hakumwazima mtu.

Mwaka huu mwenyekiti wa kikundi aliutoa wimbo huo kwa wifi wa Mama Pindo, mdogo wa mumewe, msusi wa saluni ya pale kona.

"Tumjaribu mara moja tu," mwenyekiti alisema. "Akishindwa, wimbo unarudi kwako."

Mama Pindo alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Akishindwa. Neno hilo alirudi nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo.

Kama hiyo haitoshi, gauni la kuimbia akapewa yeye alishone. Siku ya kulijaribu, wifi alijigeuza huku na huku mbele ya kioo kama mtu anayetafuta siafu mgongoni.

"Wifi, mbona hapa kifuani pananibana?"

"Gauni liko sawa," alisema Mama Pindo, pini mdomoni. "Ni roho yako ndiyo iko juu juu."

"Hee! Haya, mama wa vipimo."

Kweli aliwaza kumwachia mshono dhaifu kwapani, upasuke mbele za watu. Mkono ukakataa. Gauni likipasuka, nani atamcheka msusi? Watasema Mama Pindo siku hizi hajui kushona. Basi kila mshono akaupitisha mara mbili, huku moyo ukimwaka kama pasi.

Kikabaki kinanda.

Mpiga kinanda wao, ambaye kazi yake hasa ni fundi redio, alijua kupiga kwa mpangilio mmoja tu wa vidole. Mwimbaji akiwa na sauti nzito, Fundi hakuhangaika. Alibonyeza kitufe na wimbo mzima ukashuka. Akiwa na sauti nyembamba, alibonyeza kingine ukapanda. Ili asisahau, alibandika utepe wa karatasi juu ya kinanda na kuandika kwa kalamu nyekundu: "Mama Pindo, chini mbili. Msusi, sifuri."

Jumamosi alasiri, ukumbi wa shule ulijaa watu na viti vya plastiki. Fundi alitega kinanda chake, kisha akatoka kutafuta waya wa spika. Mama Pindo akapita na kitambaa, akajifanya anafuta vumbi. Kubonyeza mara moja kungetosha kumkwaruza mtu koo. Yeye alipandisha mara tatu. Kioo kidogo cha kuonyesha namba kwenye kinanda kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo hakuna ambaye angeona.

Fundi alipopiga mwanzo wa wimbo, nyusi zilimruka, lakini vidole vilikuwa vimeshashika mwendo. Wifi akageuka nyuma, kwa waitikiaji, akamtazama Mama Pindo moja kwa moja, kama mtoto aliyeachiwa mkono sokoni. Mama Pindo akatazama dari.

Kisha sauti ikatoka.

Haikuwa ile sauti ya mazoezini, ya kujificha ficha. Ilipanda safi, ikakaa kule juu kana kwamba siku zote ilikuwa ikitafuta mlango. Viti vikaanza kukwaruza sakafu, watu wanasimama. Zamu ya waitikiaji ilipofika, Mama Pindo alifungua kinywa, sauti yake nzito haikufika kule juu. Akabaki kuchezesha midomo. Na katika safu ya pili mumewe, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimpongeza kwa kutikisa kichwa, alitia vidole viwili mdomoni akapiga mbinja.

Baadaye, nyuma ya pazia, Fundi aliguna. "Nani kagusa kinanda changu?"

"Yeyote aliyegusa, Mungu amzidishie," alisema wifi, jasho likimtiririka. "Kumbe mlikuwa mnaniimbisha shimoni!"

Fundi akacheka. Akafuta ile sifuri, akaandika: "Msusi, juu tatu." Mwenyekiti akamshika wifi bega. "Wimbo umepata mwenyewe," akasema, na hakumtazama Mama Pindo.

Jumatatu asubuhi wifi alikuja kibandani, gauni mkononi.

"Wifi yangu, nilegezee hapa kifuani. Sasa nahitaji pumzi kweli."

Mama Pindo alilipokea. Wifi alipoondoka, aliligeuza ndani nje, akachukua wembe wa kufumulia. Kitambaa cha kuongezea kilikuwepo, upana wa vidole viwili kila upande. Alikuwa amekikunjia ndani yeye mwenyewe, kwa mazoea, kama anavyomfanyia kila mteja anayemwona bado anakua.