Sahani Zilizorudishwa

Bimkubwa, mke wa Jaji Himid, alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, na upishi wake ulisifiwa Wete nzima. Mwaka ule Ramadhani iliandama wakati mumewe akisikiliza kesi ya uchaguzi wa jimbo. Walioshindwa wanadai kura zimechezewa. Walioshinda wanasema wenzao hawajui kushindwa. Na watu walikuwa wameota pembe! Mtu hanunui chumvi duka la chama kingine, mwengine haendi maziko ya jirani yake.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinavuka vizingiti: sahani ya futari. Jua likipinda, sahani zinapishana njiani zimefunikwa kawa, na iliyokuja na muhogo wa nazi hairudi tupu, itarudi na tambi au vitumbua. Kuikataa ni kumtukana aliyeileta.

Siku ya mwanzo zikaja kutoka kila upande, na Bimkubwa akazipokea zote kwa bashasha. Kesho yake sokoni akamsikia Nyange, muuza ndizi, akiwaambia wenziwe kwa sauti ya makusudi, "Kesi ishakwisha ile. Jaji keshafuturishwa."

Bimkubwa akarudi nyumbani bila ya ndizi. Alikaa jikoni akalia, kwa hasira kuliko huzuni. Mumewe hakuwahi kumtajia hata neno moja la kesi ile, na leo heshima yake yote imalizwe na bakuli la muhogo? Jioni akasimama mlangoni mwenyewe, akarudisha kila sahani kama ilivyokuja.

"Mtuwie radhi," aliwaambia, "mpaka hukumu isomwe."

Mwanakhamis, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamnunia tangu siku ile.

Sahani ya mwisho ilikuwa ya mamake, Bi Moza, aliyekaa mtaa wa pili. Bi Moza alikuwa upande wa waliofungua kesi, wala hakuficha. Hata kanga zake zilikuwa za rangi ya chama. Aliileta mwenyewe, na miguu yake ile mibovu.

"Hata yangu, Bimkubwa? Mie n'lokuzaa?"

"Hata yako, mama."

Bi Moza akageuka na sahani yake. Bimkubwa alifuturu kwa maji matupu.

Tangu hapo mama na mwana hawakutazamana. Hukumu ilisomwa kumi la mwisho la mfungo: ushahidi hautoshi, matokeo yanabaki. Upande wa Bi Moza umeshindwa. Jioni ile ile Bimkubwa akapika, akafunika sahani, akaenda kwa mamake roho mkononi.

Kabla hajabisha hodi akasikia sauti ya Nyange. Yeye na wenziwe wa chama walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Moza, wanaapa kwamba jaji kanunuliwa. Bimkubwa akasita hapo hapo njiani.

"Kanunuliwa na nani?" Bi Moza aliuliza. "Mie mamake mkewe. N'lirudishwa mlangoni na sahani yangu, n'kalia njia nzima. Weye Nyange wataka kunambia yuko alopokelewa?"

Nyange akainuka, akatafuta viatu vyake. Ndipo Bi Moza alipomwona mwanawe amesimama na sahani mkononi, machozi yanamtoka. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete, mwanangu," alisema. "Mie sirudishi sahani ya mtu."