Dakika za Mwanzo za Bibi Zena

Usiku ule nililala nimenuna. Tena niseme kweli, nilikuwa nimemnunia marehemu. Bibi yangu, Bibi Zena, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa ameshamtokea kila mtu ndotoni isipokuwa mimi. Shangazi Tatu alimwota mara chungu nzima, na kila akimwota lazima anipigie simu kunisimulia. Hata jirani yetu mmoja, mama ambaye walikuwa hawapatani kabisa, naye eti kamwota anamwagilia bustani. Bustani! Mimi niliyekuwa mumewe, maana ndivyo alivyoniita, "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, mimi hakunijia hata kwa bahati mbaya.

Na shida naye nilikuwa nayo. Kazi yangu ni kuongoza filamu, hizi hizi za kwetu, na wakati huo nilikuwa natengeneza filamu ya maisha yake. Kilichokuwa kinanisumbua ni mwanzo. Tulikuwa tumeshaushuti: chumba cha giza, pazia limeshushwa, mgonjwa kitandani, chupa ya dripu inadondosha, binti pembeni analia, halafu wanaume wanaingia na jeneza. Chande, prodyuza wangu, alipoutazama jioni ile alipiga makofi.

"Hapo mtu hajakaa sawasawa kwenye kiti, kashajua leo ni kilio," alisema. "Usiguse kitu. Kesho asubuhi naipeleka kwa wasambazaji."

Kwa ufundi alikuwa sahihi. Mwanzo wa filamu kazi yake ndiyo hiyo: mahali, vitu vilivyowekwa, na jinsi mtu anavyoigiza, vyote vimwambie mtazamaji amekuja kutazama nini kabla hajaambiwa kwa mdomo. Lakini kila nilipoutazama mwanzo ule nilitaka kuuzima, na sababu nilikuwa naijua, ila sikumwambia Chande. Tangu Bibi afariki, nikifumba macho nimtafute, simpati. Nampata mgonjwa. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, mkono mwepesi hata hauna uzito wa mkono. Nilianza ile filamu nikidhani itanirudishia Bibi wangu mzima, kumbe inanirudishia kitanda.

Na huo ujanja wa kusoma mwanzo wa filamu, yeye ndiye aliyenianzishia. Si kwamba alikuwa mtaalamu wa chochote, alikuwa mtazamaji mkorofi tu. Nyumbani Morogoro tulikuwa na televisheni ya chogo, na jioni watoto wa majirani walijaa sebuleni mpaka kizingitini. Filamu ikianza, Bibi ananyoosha mkono juu: kimya, kila mtu aseme hii ni ya aina gani kabla majina ya waigizaji hayajaisha. Anayekosa anaosha vyombo. Yeye mwenyewe haoshi hata akikosa.

"Nyumba ya ghorofa, mvua, taa imewaka moja. Ya kutisha hiyo, wenye roho ndogo wakalale." "Glasi mbili mezani na mtu yuko mmoja? Mapenzi." "Mwangalieni huyo baba, anambusu mkewe huku simu kaigeuza kifudifudi. Hapo ni fumanizi tu, hakuna jingine." Akikosa, alisema filamu ndiyo iliyodanganya. "Wameonyesha bastola kwenye droo halafu wanaanza kuimba! Watu gani hawa?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa mtu kama huyo utamsahau vipi uso? Nami nilikuwa nimemsahau. Basi nikajifunika shuka na hasira zangu, nikalala.

Nikajikuta sebuleni. Sikumbuki kuingia. Ilikuwa sebule yetu ya Morogoro, lakini mlango wake mmoja ulitokea kwenye studio yetu, na hilo halikunishangaza hata kidogo. Ilikuwa mchana. Jua lilikuwa limeingia mpaka chini ya makochi, na Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe.

Ana mwili wake. Hicho ndicho ninachokiona kwanza. Mikono imejaa kama zamani, bangili inambana. Hanitazami, vidole vinatembea kwenye mchele, jiwe moja anatupa, chuya anatupa. Najua amekufa, na najua nikilitamka hilo ataondoka, kwa hiyo nakaa chini taratibu, mbali kidogo naye, mikono nimeikalia ili nisije nikamgusa. Nilivyokuwa na hamu naye, Mungu wangu. Hata harufu ya mafuta yake ya nazi ilinifikia pale nilipokaa.

"Washa," akasema.

Sikunyanyuka, na televisheni ikawaka. Ikaonyesha mwanzo wangu: chumba, pazia, dripu, binti. Bibi akanyoosha mkono juu, kama alivyokuwa akitunyamazisha sisi watoto. Akatazama kidogo.

"Ya kulia," akasema. "Mchana kweupe pazia limeshushwa, na huyo binti keshashika leso kabla machozi hayajaja. Ya kulia hiyo."

Nikafurahi. Mtu mzima mimi, na moyo ulinidunda kwa kusifiwa kama mtoto aliyepata vema kwenye daftari. Lakini Bibi akasogeza shingo mbele, akakunja macho.

"Mbona khanga ya mgonjwa haijapindwa?"

Nikatazama. Kweli. Khanga aliyojifunika mgonjwa wetu ilikuwa imetoka dukani siku hiyo hiyo, ncha zake zinatoka nyuzi, haijapita kwa fundi. Watu wote tuliokuwepo siku ya kushuti, mavazi, mapambo, taa, na mimi mwenyewe niliyekulia kwenye khanga za huyu mwanamke, hakuna aliyeona.

"Mtu kaugua miezi na miezi, halafu kajifunika khanga ya leo?" akauliza. "Hana watu huyo? Ni nani?"

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele.

"Ni wewe, Bibi."

Hapo ndipo aliponitazama. Nikadhani atakasirika, au atalia, au ndiyo ataondoka. Akacheka. Cheko lake lilikuwa linaanza mabegani, mabega yanaruka bila sauti, halafu sauti inafuata nyuma kama imechelewa. Nilikuwa nimelisahau kabisa cheko hilo, jamani. Miaka yote nimelisikia na ndani ya miezi michache limenitoka kichwani kama halikuwahi kuwepo. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga yake.

"Mimi huyo? Loo! Mume wangu, umeoa nani?"

Nikacheka naye huku nalia. Na tulipokuwa tunacheka sebule haikuwepo tena, tumesimama ndani ya chumba cha filamu, taa kubwa zinaunguza, na ungo wake ameuweka kiunoni. Mwigizaji amelala kitandani, hatikisiki. Bibi anazunguka kitanda polepole. Anaigusa chupa ya dripu kwa kidole. Anainua ncha ya pazia, na nje kuna jua, kuna kuku, kuna mtu anapita na baiskeli anapiga kengele. Yule binti wa kulia anaona jua, anakunja leso yake, anaondoka zake bila kuaga.

"Hapa nilikaa?" Bibi ananiuliza.

"Ulikaa. Mwishoni."

"Mwishoni," akarudia. "Na wewe ndipo unaponianzia."

Sikutaka kujitetea. Nilitaka ajue tu.

"Ndipo ninapokuona, Bibi. Kwingine kote nakutafuta sikupati."

Aliuweka ungo chini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamvutia yule mwigizaji khanga mpaka mabegani, kama anavyofunikwa mtoto wa mgeni aliyepitiwa na usingizi. Nilitaka nilaze kichwa mapajani pake, pale pale, na filamu ife, na Chande afe kwa hasira, mimi nisiondoke. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho.

"Ukinianzia kitandani," akasema, bado anamtazama yule mgonjwa, "watakaa wananingoja nife. Watanihurumia tu. Mimi nilitaka wanipende."

Kisha akainuka, akachukua ungo wake.

"Nianzie nina kazi mkononi."

Nikamfuata, na mlango tuliotokea ulikuwa wa uani kwetu. Mimi ni mdogo. Nimevaa kaptura ya shule, na goti linanivuja damu kwa sababu nimeanguka, na nimeanguka kwa sababu nilikuwa nakimbizana na mbuzi wa watu. Hayo yote yananirudia kwa mpigo. Bibi amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nazi nusu imeshakunwa, nusu bado iko mkononi, na mdomo wake haufungi. Ananigombeza. Mbuzi wa watu unawakimbiza wa nini? Umeambiwa wewe ni fisi? Shati nani atafua? Huku anafoka, mkono mmoja umenishika mguu, ananipuliza goti, fuu, fuu, anafoka, anapuliza tena. Tui jeupe limebaki kwenye vidole vyake na linaniachia alama kwenye shavu la mguu. Kisha, bila kuacha kufoka, anachota nazi iliyokunwa, ananitia mdomoni.

Na mimi, ndani ya kaptura ile, natazama kwa macho yangu ya leo. Naona mwanga unatoka kushoto, juu ya ukuta wa choo. Naona vitu: kibao cha mbuzi, kifuu, beseni la bati lililobonyea. Naona anavyoigiza yule mwanamke, hasira yote mdomoni, na vidole havina hasira hata chembe. Hakuna mwigizaji nitakayemwambia afanye hivyo akaweza kwa mara ya kwanza. Utamu wa nazi umenijaa kinywani.

Bibi akanyoosha mkono juu, nazi bado kaishika.

"Haya. Ya aina gani hii?"

Nikafungua mdomo nijibu, na nazi ilikuwa imejaa, nikashindwa. Yeye akasimama, akakung'uta khanga yake. Nikajua anaondoka. Nikamshika upindo wa khanga, kwa mkono wangu mdogo, na ulikuwa umepindwa vizuri, uzi naupapasa kwa kidole.

"Bibi, nakuja na wewe."

"Unakuja wapi?" Aliutoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja, hakunikemea. "Kaa. Sijakuita. Wewe kaa, mume wangu, wanakungoja."

Akaingia ndani, na mlango ukawa mlango wa chumba changu, na mimi niko kitandani, nimeamka, nimeshika ncha ya shuka. Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka. Uso wote ulikuwa umelowa. Nilikaa vile vile bila kujitikisa, naogopa kujaribu. Mwishowe nikafumba macho, nikamtafuta.

Alikuwepo. Mikono imejaa, mabega yanaruka kwa kicheko, sauti inakuja nyuma. Nikafumbua, nikafumba tena. Bado yupo. Kitanda nilikitafuta kwa makusudi na nilikiona, lakini kilikuwa nyuma kabisa, mwishoni kwake. Nikalia kwa sauti, hadi nikajificha kwenye mto wapangaji wenzangu wasinisikie.

Kisha nikampigia simu Chande.

"Usiipeleke," nikamwambia. "Tunashuti mwanzo upya."

"Wewe mzima wewe? Alfajiri yote hii?"

"Bibi kanijia."

Chande ni mbishi, anabishana hata na mwongozo wa dawa, lakini na hilo hakuna mtu wa kwetu anayebishana nalo. Nilimsikia akikohoa, akitafuta miwani sijui sigara.

"Kasema nini?"

"Kasema tusimwanzie kitandani. Tumwanzie ana kazi mkononi."

"Sawa," akasema, "sawa, marehemu kasema. Lakini ndugu yangu, ukitoa kitanda, ukatoa na jeneza, mtu atajuaje kama ni filamu ya msiba?"

"Si ya msiba."

"Kumbe ya nini?"

"Ya mapenzi."

Chande akacheka, si kwa ubaya, kwa usingizi tu. "Bibi kizee wa watu! Mapenzi na nani?"

"Na mimi," nikasema.