Ngumi Nne Juu ya Beu

Naapa kwa pensheni yangu, ile ambayo bado iko njiani: habari hii ni kweli tupu, chumvi hakuna hata punje.

Saa nne asubuhi, komini ya Beu, mjini Beni. Jessica Elikia amesimama katikati ya njia, mkono kaunyoosha mbele, ngumi kaifunga, jicho moja kalifumba. Nyuma yake kuna gari la askari. Ndani yake ameketi Zorobabel, mlimaji wa kakao anayeshukiwa kurusha drone, bila mkanda wala viatu.

"Mama Jessica, saa sita nabeba huyu mutu," anasema kapiteni Bertrand. "Labda unionyeshe ile kitu ya jana ilikuwa nini."

"Mi ni mulimaji, mon capitaine!" Zorobabel analia. "Drone naweza kuiongoza na kamba?"

"Na kamba ilikuwa ya nini?"

"Nilikuwa nakimbiza bâche yangu ya kuanikia kakao! Upepo iliibeba, nikabaki navuta kamba yake!"

Askari wanacheka. Jessica hacheki.

Ametoka Mbandaka, ana miaka 36, na ndiye peke yake katika ofisi inayoandika kila kitu kinachoonekana angani bila jina. Ofisi ni meza, daftari, dira na muhuri. Mwaka jana alipokea taarifa 61. Hamsini na nane zikawa ndege, puto za harusi, nyota ya asubuhi. Tatu aliandika "sijui".

"Sijui nayo ni jibu," anasema. "Lakini hapa batu banauawa. Kitu ya juu hapana muchezo."

Jessica hamuulizi shahidi kwanza aliona nini. Humrudisha pale aliposimama, anyooshe mkono, apandishe ngumi juu ya ngumi kutoka chini hadi pale kitu kilipokuwa. Kisha, kwa dira, huchora mistari ya mashahidi wote. Inapokutana, ndipo kilipokuwa.

Mama Thérèse, muuza ndizi, alihesabu ngumi mbili kutoka sokoni. Mwalimu Ananie, tatu kutoka shuleni. Mistari yao inakutana juu ya uwanja wa Zorobabel, kimo cha mti tu. Na bâche yenyewe, turubai la plastiki, imenaswa kwenye mti, hatua chache kutoka hapo.

Lakini kuna shahidi wa tatu, mstaafu mmoja. Yeye alitia sahihi kwamba kitu kilisimama juu ya kambi ya jeshi, kina taa ya kijani, kinanguruma kama kinu cha mihogo, kikigeuka kila Zorobabel alipovuta kamba. Ushahidi huo ndio uliompandisha Zorobabel garini.

Saa tano na nusu, wote wako uani kwa mzee huyo.

"Ulisimama wapi, papa?"

"Hapa, kwenye kiti."

"Piga ngumi."

Mzee anapandisha. Moja, mbili, tatu, nne. "Hapo kabisa!"

Jessica anafumba jicho, anatazama. Ngumi ya nne imeishia katikati ya ukuta wa ghorofa ya jirani.

"Papa, uliona kupitia matofali?"

"Mais, mama, macho yangu ni ya zamani. Ya zamani ilikuwa nguvu."

Kapiteni anatazama saa. Jessica anashusha sauti. "Papa, huyu mutu akienda, pengine hatarudi. Uliona ao haukuona?"

Mzee anashusha mkono.

"Nilisikia sokoni," mzee anasema. "Nikaongeza kidogo."

"Kidogo?" Zorobabel anapaza sauti kutoka garini. "Na taa ya kijani uliniwekea!"

Jessica anafuta ushahidi ule, anaandika "bâche ya kakao", anapiga muhuri. Kapiteni anasoma mara mbili. Saa sita kasoro dakika tano, Zorobabel anashuka, anatafuta viatu vyake.

Jessica ameomba jumelle, darubini ya macho mawili, mara mbili, na mwenzake mmoja wa kuwekwa Butembo. Bado anangoja.

"Na mashahidi wenye haya," anaongeza, akinitazama.

Ndiyo, mzee huyo ni mimi. Kwetu, aliyemsingizia mwenzake humlipa mbuzi, wakamla pamoja. Nimemtoa wangu, yule niliyewaambia majirani kwamba alizaa wanne kwa mara moja.

Zorobabel anamfunga mbuzi kwa kamba ileile, anachungulia nyuma ya zizi.

"Na batoto bane, papa?"