Mafiga Yangu Yako Nkubu

Mimi Makandi, nyumba ya Nkubu tulijenga na marehemu mume wangu Kailemia kwa pesa ya kahawa, mawe tukibeba wenyewe. Binti yangu Karwirwa alipozaa mapacha kule Kianjokoma, nilienda kumsaidia mwaka mmoja. Ikawa sita. Nyumba nikampangisha mwalimu Mithika, lakini jiko la nje nikalifunga kwa kufuli. Ndani kuna kitanda na mafiga yangu matatu. Kila msimu wa mahindi nilikuja, nikawasha moto, nikalala siku mbili. Kwetu mwanamke akiacha mafiga yake mahali, hapo ndipo kwake.

Mwaka jana shemeji yangu Runji akasema anauza shamba la baba yao, pale Kailemia alipozikwa. "Nakuambia wewe kwanza. Lakini mwisho Ijumaa."

Nikapata mtu wa kununua nyumba, bei sawasawa na ya shamba. Nikaenda na Karwirwa kwa wakili mjini Meru, msichana mdogo tu, wa kuniita cucu, yaani bibi.

"Cucu, kuna kodi ya faida. Asilimia kumi na tano."

"Nyumba ya kukaa mwenyewe hailipi. Nilisikia redioni."

"Hailipi kama umekaa ndani miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Umekuwa ukikaa wapi?"

"Nkubu."

"Na huyu Mithika aliye kwenye karatasi za kupangisha?"

"Yeye analala kwa nyumba. Mimi niko na mafiga."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Serikali haihesabu mafiga, cucu. Uko na risiti za ujenzi, tupunguze hiyo faida?"

Risiti za saruji za mwaka wa themanini na nne! Mchwa walishiba nazo zamani.

Karwirwa akaninong'oneza tuandike sikuhama. Nikamwambia, kwa sauti, mimi sidanganyi mtu kwa karatasi.

Basi kodi ingekata bei, na ambacho kingebaki hakingetosha shamba. Nilimwomba Runji mwezi mmoja.

"Kopa," akasema. "Tangu uolewe una kiburi."

Nani atakopesha mtu wa miaka sabini na nane? Jumatatu akauzia mgeni.

Nyumba sikuuza. Mithika nilimpa notisi, nikarudi. Wakili alisema nikikaa miaka mitatu nitauza bila kodi. Nimemaliza miezi saba. Yule mgeni ameweka senyenge, amepanda avokado mpaka miguuni pa Kailemia, na hana mpango wa kuuza.

"Sasa unangoja nini, mama?" Karwirwa huniuliza kwa simu.

Namwambia nimeweka githeri motoni, isiungue. Nakata.