Nina mfuko wa stoma, na Mama Kevo alinifuata nyuma kila asubuhi

Wakuu, salamu kutoka Ruiru. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mwaka jana niliugua utumbo, nikafanyiwa upasuaji Thika. Tangu hapo choo kinatokea tumboni, kwenye tundu linaloitwa stoma, na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Ukivaa nguo pana hakuna anayejua.

Ndivyo nilivyoamini.

Nesi aliniambia, "Usikae tu kwa nyumba, mami. Tembea. Anza pole pole, na usibebe mtungi."

Nikajiunga na akina mama wa kanisa letu hapa Gitothua, wanaotembea asubuhi.

Kwa wageni wa jambo hili: kabla ya kutoka unamwaga mfuko, usingoje ujae. Unavaa mkanda wa kuushikilia. Unabeba maji. Mwanzoni nilikuwa nakaa kwa jiwe njiani, na hakuna aibu.

Halafu nikamgundua Mama Kevo, mmoja wa kikundi chetu.

Wengine walitembea wawili wawili wakipiga stori. Yeye alikaa nyuma yangu tu. Nikipunguza mwendo, anapunguza. Siku moja nikainama kufunga kamba za viatu, naye akainama kufunga zake.

Wakuu, alikuwa amevaa ndara.

Nikajua ananusa. Lakini nani alimwambia? Nilimshuku wifi yangu, ambaye alijua, nikaacha kupokea simu zake. Nikajipulizia perfume mpaka mama mmoja akapiga chafya.

Nilikaribia kuacha kutembea kabisa, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kulala vizuri na kupanda ngazi za ploti ninapokaa bila kushika ukuta.

Asubuhi moja nikageuka. "Mama Kevo, unatafuta nini huku nyuma yangu?"

Akaangalia chini. "Ni mzee wangu. Ako na mfuko kama wako. Tangu atoke hospitali hajavuka geti. Anasema mtu wa mfuko ni wa kukaa."

"Na nani alikuambia niko nao?"

"Hakuna mtu. Unashika nguo pale pale yeye hushika."

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa hapo hapo.

"Nikirudi ananiuliza, leo yule mama amefika wapi? Jana nikamwambia umepanda mpaka juu kwa tangi la maji. Akasema, wacha uongo."

"Mwambie akuje aone."

Ilichukua muda, lakini alikuja. Jaketi zito, jua likiwaka, mkono tumboni. Hakunisalimu. Tulipofika kwa tangi alihema kidogo, kisha akasema, "Kumbe."

Basi.

Wifi nilimpigia siku hiyo hiyo.

Nilichojifunza: ukiwa na mfuko unadhani kila pua inakutafuta. Muulize daktari unaweza nini, kisha toka.

Sitawadanganya, bado mtu akikaa nyuma yangu nageuka. Ila siku hizi naangalia kwanza mkono wake uko wapi.

Wewe mwenye mfuko, au mwenye mtu aliyejifungia kwa nyumba, mara ya kwanza kuvuka geti ilikuwaje? Niambieni hapa chini, nitajibu kila mmoja.