Cornelius na Minyoo ya Zambarau

Kila anayetua Doha hubeba mzigo mmoja ambao mizani ya uwanja wa ndege haiuoni: uongo wake mdogo kutoka nyumbani. Huyu alikuwa meneja wa hoteli, kumbe alipanga viti. Yule ana diploma, kumbe ana nusu, tena ile nusu ya mwanzo. Cornelius, kijana wa Karagita, Naivasha, yeye alikuja na bass, samaki wa ziwani mwenye mdomo mpana kama wa mwanasiasa.

Si kwamba alidanganya kabisa. Alifanya kazi kwenye boti za watalii kweli, na kazi yake ilikuwa kuivisha ndoana mnyoo wa plastiki laini, mrefu kama rula ya shule. Mtalii alikaa mbele, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Cornelius akamtilia fimbo ya kuvulia kiganjani, mnyoo tayari. Mtalii akarusha, akavuta, akapigwa picha. Cornelius akavisha mwingine. Kurusha yeye mwenyewe? Hata siku moja.

Hapa Doha alianzia stoo, kwenye duka la vifaa vya uvuvi pale mtaa wa Al Sadd, akibeba maboksi kwenye joto la kuivisha mkate. Mwenye duka, Mzee Khalfan, ni Mmanga wa Oman aliyerithi Kiswahili kwa bibi yake wa Unguja. Siku moja wakila chakula cha mchana, Mzee alimuuliza samaki wa Naivasha wanapenda chambo gani.

"Mnyoo wa plastiki, Mzee, ule mkubwa wa zambarau. Samaki akiuona anasahau watoto wake. Mimi nimewavua hao hadi nikawahurumia."

Wiki ile ile Cornelius akahamishiwa kaunta, penye kiyoyozi, na Mzee akaagiza minyoo kwa makatoni. Ikafika, ikanukia pipi, ikajaa rafu nzima, na hakuna aliyeigusa. Wavuvi wa Doha walitaka ngisi na kamba. Mmoja aliuliza kama ni vya watoto kuchezea.

"Ijumaa tunakwenda baharini," Mzee akasema. "Ukinitolea chewa, samaki mkubwa wa miambani, kwa mdudu huyu, kaunta yako. Ukishindwa, stoo unaijua njia."

Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado na adabu, boti ya Mzee ilisimama juu ya miamba, nje kidogo ya kisiwa cha The Pearl. Phoebe, keshia wa duka, aliletwa kupiga video.

"Corne, nikurekodi ukiomba ama ukivua?"

"Wewe rekodi tu, dadangu. Utaonyesha wajukuu."

Akaanza, na hapo tumpe haki yake. Alipitisha mshipi kwenye chubwi, ile risasi ya kuzamisha, akafunga ndoana. Akachoma ncha kwenye kichwa cha mnyoo, akaitoa kidevuni, akauvuta mnyoo hadi juu, akaigeuza ndoana, akapima kwa jicho, akairudisha ncha tumboni ikalala chini ya ngozi tu. Mnyoo ukaning'inia wima kama askari wa gwaride.

"Mashallah," Mzee akasema. "Ndoana iko wapi?"

"Ndiyo uzuri wake, Mzee. Haionekani. Hainasi magugu."

Mzee akaangalia bahari kushoto, akaangalia kulia. "Magugu gani?"

"Basi mawe, Mzee."

Kisha Cornelius akafanya alichofanya maisha yake yote: akainyoosha fimbo mbele, mpini kwanza, akangoja. Hakuna aliyeipokea.

"Unampa nani?" Phoebe akauliza.

Akajikohoza, akairudisha. Alirusha. Chubwi ikaenda nyuma, ikaing'oa kofia ya Mzee kichwani. Mara ya pili ikaangukia majini, na kabla hajamaliza kushukuru, mshipi ukagutuka. Tap, tap! Cornelius akatabasamu, akazungusha gurudumu la mshipi polepole, kwa heshima, kama anayemsindikiza mgeni mlangoni. Mnyoo ukarudi hauna mkia.

Akavisha mwingine. Ukarudi nusu. Akavisha wa tatu. Kilirudi kichwa.

"Wewe unavua ama unalisha?" Phoebe alicheka hadi simu ikatikisika. "Hii si uvuvi, ni harambee!"

"Samaki wa huku hawana adabu," Cornelius akasema, huku akiiona stoo, na maboksi, na jasho.

Mzee hakucheka. "Kijana, ndoana umeificha ndani ya nyama. Nani ataitoa? Samaki?"

Hapo ndipo Cornelius alipowakumbuka watalii wake. Kila samaki alipogusa, walirusha mabega nyuma ghafla kama walioumwa na nyuki. Miaka yote ile alidhani ni maringo ya kamera.

Alivisha mnyoo mwingine, mzuri kuliko yote, akanyoosha fimbo, mpini kwanza. Safari hii Mzee Khalfan aliipokea. Alirusha, akatulia, mshipi ukagutuka, na Mzee akaipiga fimbo nyuma kwa nguvu zote za ukoo wake. Akapanda chewa wa kulisha kijiji, mnyoo wa zambarau ukimning'inia mdomoni kama sigara.

Video ikazunguka, makatoni yakaisha. Ila wanunuzi wakaanza kurudi: minyoo yao ilizunguka majini kama feni, hawajui kuivisha. Mzee alikuwa ameahidi kaunta, chewa alipatikana kwa mdudu yule, na Mzee hageuzi maneno yake. Akamwekea Cornelius kiti kifupi nyuma ya kaunta, chini ya kiyoyozi, na bakuli la ndoana.

Ndiko aliko mpaka leo. Mteja anaongea kwenye simu, ananyoosha mkono bila kugeuka, na Cornelius anamtilia mnyoo kiganjani.

"Samaki akiugusa, Bosi, mpige nyuma!" anaongeza, kwa sauti ya mtu aliyelijua hilo tangu tumboni.

Picha ya chewa ameituma Karagita. Amemkata Mzee pichani, kabaki samaki, na pembeni mkono mmoja ulionyooshwa, mtupu, kama bado unakabidhi fimbo. Angalau mkono ni wake.